Kitambaa cha Akiba

Siku hizi fundi cherehani hashoni nguo mpya. Kazi yake ni kupunguza za zamani, maana viuno vya watu vimepungua. Kitambaa kinachozidi hakikati kamwe. Hukikunja kwa ndani, akakishikiza kwa mishono mirefu, na kumwambia mteja, "Ukinenepa, mwenzangu, tutafumua." Redioni waziri akianza kusifu uchumi, yeye hunung'unika, "Debe tupu hilo," akakanyaga pedali mpaka mlio wa cherehani uimeze sauti ya waziri. Leo jirani kaileta tena sketi ileile iliyokwisha kupunguzwa. "Kunja kama kawaida, shoga." Redioni waziri anaahidi nafuu mwakani. Safari hii fundi hakanyagi. Anamsikiliza mpaka mwisho, kisha anachukua mkasi na kukikata kitambaa cha akiba. Kinaanguka sakafuni.