Habari ya Kufungwa kwa Duka la Hatibu

Mwaka wa pili tangu reli ya Wadachi, yaani Wajerumani, ifike Morogoro, Rehani bin Salum alikuwa karani wa mizigo stesheni. Kila mwezi alipeleka habari za mji kwa gazeti moja la Kiswahili lililochapwa pwani. Hakulipwa kitu; ilimtosha kuliona jina lake chini ya habari. Alikuwa amefiwa na mke, mtoto hana, na chakula cha jioni alikila barazani kwa rafiki yake Hatibu, mwuza nguo wa njia ya sokoni.

Mwaka huo kampuni ya Wazungu ikafungua duka kubwa karibu na soko. Ilikuwa na mengine kama hilo Tanga, Bagamoyo na Dar es Salaam, yote yamepakwa rangi moja ya kijani, yote yakiuza kaniki, majembe, sabuni na taa chini ya paa moja. Watu wakamiminika. Hatibu naye alikwenda kutazama, akarudi akicheka.

"Wana kila kitu," alisema, "ila mtu wa kukuuliza nyumbani hawajambo."

Wiki chache baadaye Rehani alitumwa Ngerengere siku mbili. Aliporudi akaukuta mlango wa Hatibu umefungwa. Jirani yake, Bi Shamsia, alikuwa akichoma vitumbua.

"Shikamoo, Bi Shamsia. Hatibu yuko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi naona kafunga tu, tangu juzi."

Treni ya pwani ilikuwa karibu kuondoka, na barua ya gazeti ilibakiwa na nafasi ya mistari miwili. Rehani akaandika: "Hatibu bin Dadi, mwuza nguo wa siku nyingi, amefunga duka, maana ameshindwa na duka kubwa." Hayo ya kushindwa hakuambiwa na mtu. Aliyaongeza kwa kuwa habari isiyo na sababu aliiona imepooza.

Kesho yake Hatibu akateremka kutoka milimani, kwenye msiba wa mama mkwe wake, akafungua duka kama kawaida. Rehani akampa pole. Habari ya barua hakuitaja. Alijiambia huenda haitachapwa.

Ilichapwa. Mwezi uliofuata Hatibu alikuja stesheni na barua mkononi. Yeye alisoma herufi za Kiarabu, na hii ilikuwa ya herufi za Kizungu.

"Nisomee, ndugu yangu. Imetoka kwa tajiri anayeniletea nguo kutoka Bagamoyo."

Rehani aliipitisha machoni kwanza. Angeweza kusoma mengine, na Hatibu asingejua. Akasoma neno kwa neno: "Tumeona gazetini ya kuwa umeshindwa na duka kubwa, ukafunga. Basi majora yako ya nguo tumempa mwingine, na wenzetu hapa wamefanya vivyo hivyo."

"Nani kaandika hayo?"

"Mimi."

"Ulimuuliza nani?"

"Bi Shamsia aliniambia umefunga."

"Na kushindwa, nako kakwambia yeye?"

Rehani akaikunja barua, akamrudishia.

"Ungengoja siku moja tu," Hatibu akasema. Akaichukua barua yake, akaenda zake.

Siku ileile Rehani akaandika masahihisho, akayapeleka kwa treni. Yalikaa miezi miwili bila kuchapwa. Kufikia hapo rafu za Hatibu zilikuwa tupu, wateja wake wamezoea duka la kijani, na yeye amehamia milimani kwa wakweze kulima. Gazeti lilipofika, likasomwa kwa sauti sokoni: "Hatibu bin Dadi hakufunga, yupo dukani kwake." Watu wakaangua kicheko. Tangu hapo, Rehani akikaribia baraza yoyote, mazungumzo yalikatika.

Akaacha kuandika. Siku moja ya mapumziko akapanda mlima, mwendo wa asubuhi nzima, akamkuta Hatibu akipalilia maharage.

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Nimekusamehe zamani," Hatibu akasema. "Kaa, ule."

Walikula ugali kwa mboga ya maboga. Rehani aliuliza habari za mvua, akajibiwa. Akauliza habari za watoto, akajibiwa. Yeye hakuulizwa kitu. Alipoaga, mwenyeji wake akampa mkono vizuri tu, kisha akalishika jembe lake. Hakumsindikiza hata mpaka mwisho wa shamba. Rehani akateremka peke yake, ukungu ukimfuata nyuma.