Makubadhi ya Kinyozi Msellem

Gando nzima ilijua kwamba Msellem kinyozi ana mkono mwepesi. Nyumba moja tu ndiyo iliyokuwa haitaki kuisikia habari hiyo, nayo ni nyumba ya Bi Kijakazi. Miaka ishirini na minne nyuma, Msellem angali kijana, aliitwa humo kumnyoa nywele za tumboni mtoto wa bibi huyo, Khatib, aliyekuwa na siku saba. Akamkata juu ya sikio. Damu ikachuruzika mpaka kwenye kanga ya mama, na pale palipokatwa hapakuota unywele tena. Msellem akasema mtoto alitikisika. Mtoto wa siku saba, jamani, ana nguvu gani za kutikisika hivyo? Bi Kijakazi akamchukua mwanawe akaingia ndani, na Khatib alipokua akawa anakwenda kunyolewa Wete.

Sasa ulikuwa mwaka wa sabini na mbili. Maduka yalikuwa matupu, na nyembe hazikupatikana hata kwa dawa. Mize, mke wa Khatib, akajifungua mtoto wa kiume baada ya kungoja miaka sita, na kinyozi wa Wete alikuwa amevuka kwenda Tanga. Jumanne, mtoto ana siku nne, Khatib akapiga hodi kwa Msellem, kofia ameishusha mpaka masikioni.

"Shikamoo, Mzee Msellem."

"Marahaba, mwanangu. Hongera ya mtoto."

"Ahsante. Mama anasema uje Ijumaa umnyoe." Khatib akatazama chini. "Na anasema likionekana tone moja la damu, atapita nyumba kwa nyumba mpaka wembe wako usiingie popote hapa Gando. Weye wamjua mama."

Alimjua sana. Akaitikia inshallah, akaingia ndani kutoa vyombo vyake. Wembe ulikuwepo, ule wa kukunja wenye mpini wa pembe. Ngozi ya kunolea aliyoachiwa na mwalimu wake ilikuwa imeliwa na panya, kimebaki kipande kisichofika kiganja. Na wembe bila ngozi si wembe. Jiwe hutia makali, lakini ngozi ndiyo inayoyalainisha, na wembe uliotoka jiweni moja kwa moja hukwaruza. Msellem aliyajua haya kuliko mtu yeyote, maana siku ile ya Khatib alikuwa na haraka na hakuupitisha kwenye ngozi. Hata mkewe hakuwahi kumwambia.

Ngozi nyingine nyumbani mle ilikuwa moja tu: makubadhi aliyorithi kwa babake, anayoyavaa Ijumaa na Idi. Aliyashika, akayageuza, akayanusa. Kisha akachukua kisu akafumua la kulia.

"Yallah!" mkewe, Mwanapili, akapiga kelele. "Mguu mmoja utakwenda msikitini, wa pili utabaki hapa na miye?"

"Ngoja uone kazi."

Na kazi ilikuwa kazi kweli. Alichonga ubao wa mfenesi ukawa bapa, wenye mshikio kama wa mwiko. Ngozi ya kubadhi akaisugua kwa ngozi kavu ya samaki taa, inayokwaruza kama msasa, mpaka mchanga wa miaka yote ukatoka. Kubandika sasa! Akajiambia ubao ni wa mfenesi, basi ulimbo wa fenesi utamshika ndugu yake. Akaupaka kwa furaha, akabandika ngozi, akaibana kwa mawe mpaka Jumatano asubuhi. Alipopitisha wembe mara ya kwanza, ngozi ikateleza, ikajikunja, na wembe ukaipasua katikati.

Mwanapili alicheka mpaka akakaa chini. "Mume wangu! Ulimbo hunasa ndege kwa sababu haukauki! Utotoni hukutega hata chiriku?" Alipoona machozi yanamlengalenga mwenziwe, akainuka. Akaingia ndani, akatoka na kubadhi la kushoto, akamwekea mapajani. "Haya, hili nalo. La nini tena peke yake? Na gundi katafute ya mkanju, hiyo hukauka ikawa jiwe."

Hii ya pili, kwa gundi ya mkorosho, ilishika. Alhamisi aliipaka shahamu kidogo yenye masizi ya kibatari, akaanza kunoa: mgongo wa wembe mbele, makali nyuma, akigeuza kila upande. Alinoa mpaka wembe ukaondoa nywele za malaika mkononi mwake bila yeye kuhisi kitu.

Ijumaa akenda pekupeku. Bi Kijakazi alikaa kitako, mjukuu wake Shaame mapajani, kitambaa cheupe mkononi. Wembe ulipita juu ya kile kichwa laini na nywele zikaanguka sahanini. Mtoto alipiga miayo. Wallahi alipiga miayo! Bi Kijakazi akapangusa kichwa chote, akakiangalia kitambaa upande huu na upande huu. Kilikuwa cheupe vilevile.

Khatib akamtazama mama yake, kisha ule ubao wenye ngozi ya kubadhi, kisha miguu mitupu ya kinyozi. Akavua kofia, akaketi mkekani, akainamisha kichwa mbele ya Msellem.

Msellem akaunoa wembe upya, taratibu, akamnyoa. Alipofika juu ya sikio, kwenye lile kovu, mkono ukasimama.

"Hukutikisika, mwanangu," akasema. "Ni mimi. Siku ile sikuunoa wembe kwenye ngozi."

Khatib hakuinua kichwa. Bi Kijakazi akamfunika mjukuu kwa ncha ya kanga.

"Nnajua," akasema. "Nnajua tangu siku ileile, nnangoja uliseme. Haya, Msellem, mmalizie mwanangu."