Ng'ombe wa Kuazima

Darasa mimi nililijua kwa nje, nikipita na kuni kichwani. Basi enzi za ruksa, vyuo vilipoanza kudai ada, mjukuu wangu Yasinta aliomba ufadhili wa masomo uliogombewa na nchi nzima. Akaniambia wakubwa wa ufadhili watakuja Issuna kuona kwetu. Nikaelewa jambo moja tu: wageni wanakuja, na mgeni haonyeshwi njaa.

Nikaazima viti vya vitambaa kwa shoga yangu Severina, na ng'ombe wa jirani Chediel, wengi hata kuku wangu wakakosa pa kukanyaga.

"Shikamoo bibi. Ng'ombe hawa wote ni wako?" akauliza mmoja wa wageni, bwana mwenye tai.

"Marahaba. Hawa ni wa maziwa ya chai tu, baba. Wenzao wako Manyoni. Wakivuka reli, treni hulala njiani."

Yasinta akanivuta pembeni. "Bibi, umenimaliza! Ufadhili ni wa watoto wa maskini!"

Maisha yangu yote nimedanganya kupanda. Kushuka sikuwahi kujaribu. Nikarudi nikasema nimeazima. Wageni wakacheka, wakadhani ni porojo nyingine.

Ikabidi niwaite wenyewe. Chediel akaswaga ng'ombe wake. Severina akadai viti, wageni wakasimama.

"Na kikombe hiki cha chai?" bwana akauliza.

"Cha Severina, baba. Hata sukari. Mimi nimetoa maji."

"Na hayo maji," Severina akadakia, "kayachota kwangu."

Bwana akafunga kalamu yake. "Inatosha, bibi. Mtoto amepata."