Siku Niliyowapa Maprofesa Pole

Chekeni tu jamani, mimi mwenyewe nikikumbuka aibu ya siku ile kule chuoni Glenwood najifunika uso na taulo ya wateja.

Mimi ni kinyozi hapa mjini Durban, Mrundi, na Jumapili napiga gitaa kanisani. Basi nilikuwa namnyoa Dokta Akinyi, mama Mkenya anayefundisha chuoni (nywele zake anapenda fupi kabisa), akaniambia, "Dezire, Alhamisi nafundisha somo la majaribio mbele ya maprofesa. Wakiridhika, wananipa ajira ya kudumu. Nataka jazz ya wakati wa Depression, dakika kumi hivi. Utaweza?"

Jazz! Mie nishindwe jazz? Kwetu, Bujumbura mpaka Lubumbashi, watu watano wakishika magitaa na kuvaa mashati ya sare, hiyo ni jazz, na baba yangu alipiga besi ndani ya jazz miaka kumi na mbili! Na hiyo depression, ugonjwa wa huzuni, naijua, nusu ya wateja wangu wanalia nayo kwenye kiti hiki. Nikawaza, maskini, kumbe hata maprofesa wako na huzuni, wanataka kuchangamshwa. Swali moja tu lingeniokoa, lakini mdomo ukawahi: "Sharp, Dokta, hamna shida!"

Alhamisi nikatua ukumbini na wenzangu watatu wa kanisani, mashati ya manjano, magitaa na ngoma, moyo unanidunda kwa furaha (sijawahi kuona miwani mingi hivyo chumba kimoja). Dokta akatutazama. "Tarumbeta iko wapi?"

"Usiwe na wasi, nitaipiga kwa mdomo."

Nikakamata maikrofoni. "Wazee wetu, wamama zetu, tumesikia mko na depression. Poleni sana! Mungu anaponya!" Ukumbi kimya. Nami, badala ya kushtuka, nikadhani ndio ugonjwa wenyewe huo, nikawageukia wenzangu, "Sebene, tuwachezeshe!", magitaa yakawaka, mimi nikaruka mpaka kwa mama mmoja wa Kizungu mwenye mvi (kumbe ndiye mkuu wa idara!), nikamwinua, "Tikisa kiuno mama, huzuni itoke!", karatasi zake zote chini.

Dokta akachomoa waya ukutani. "Dezire! Depression ni miaka ya thelathini! Uchumi ulianguka, watu Amerika hawana kazi, jazz ya tarumbeta na piano ndiyo ikawapa moyo! Umeniua!"

Mungu wangu! Nilitamani ardhi inimeze na shati langu la manjano. Kazi ya mwenzangu nimeizika mimi.

Yule mkuu, bado anahema, akauliza, "Lakini kwa nini yeye anaiita jazz?"

Dokta akauweka waya chini. Kisha akaanza kueleza jinsi sahani za muziki zilivyovuka bahari, watu wetu huku Afrika wakalipenda jina wakalichukua, muziki wakautengeneza wao wenyewe, na akaeleza nusu saa nzima, maprofesa wanaandika, hakuna anayepiga miayo.

Wiki iliyofuata akanipigia. "Dezire, kazi nimepata." Nilipiga yowe hilo, mashine ikamchora mteja mstari katikati ya kichwa! "Subiri, sijamaliza. Nikikuona tena chuoni na gitaa, naita polisi."

Tangu hapo, ndugu zangu, nauliza kila kitu. Mteja akikaa akasema nipunguze kidogo tu, nazima mashine kwanza: "Kidogo cha hapa Durban, kaka, au kidogo cha kwenu?"