Pilipili Nilizozipulizia Dawa

Nina mikebe sita ya rangi kwenye korido ya orofa ya pili, katika ploti moja ya vyumba vya kupanga huko Kawangware 46, na kila mkebe una mche mmoja wa pilipili. Kulima nimejifunza kwa simu tu, hakuna aliyenionyesha. Labda ndiyo maana kila kitu hunitia hofu: jani likijikunja kidogo, naona mmea wote umekwisha. Nashona sare za shule huko Kibera, na futi ninayoivaa shingoni kazini hurudi nayo nyumbani kupima miche. Mmoja ukiwa mfupi kuliko wenzake, silali vizuri. Naona aibu kuyasema haya, lakini bila hayo hutaelewa nilichofanya.

Jirani yangu wa mlango wa pili ni mama mzee kutoka Kitui. Ploti nzima humwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba, naye huniita mwiitu, msichana wake. Pilipili za kwanza zilipoiva nilichuma tano nikampelekea. Alirudisha mikono nyuma kana kwamba nimemletea kaa la moto.

"Wee mwiitu! Pilipili haipokezanwi mkono kwa mkono. Unataka tugombane?"

"Sasa nifanye nini, Susu?"

"Ziweke hapo chini. Ama uniache nijichumie mwenyewe. Nikitaka nitachuma, hatutasumbuana."

Ikawa hivyo. Hakuomba tena, wala sikumpa tena. Nilikuwa nikirudi jioni nikikuta vikonyo vitupu, najua leo Susu amekula githeri na pilipili zangu. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Kisha wakaja vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani wanaojibanza chini ya majani. Nilijaribu maji ya sabuni, nikajaribu jivu. Wakapungua, lakini hawakwisha. Mtu mwingine angewaacha hao waliobaki. Mimi sikuweza. Nilienda kwenye duka moja la agroveti, la dawa za kilimo na mifugo, upande wa Riruta, na kwa kuwa sikutaka chupa nzima, muuzaji alinimiminia dawa kidogo kwenye chupa ya soda.

"Kifuniko kimoja kwa ndoo," alisema. "Na zisiliwe kwa wiki mbili."

Nilitia vifuniko viwili kwenye chupa ndogo ya kupulizia. Jumamosi kulipopambazuka, kabla ya kwenda kazini, nilipuliza chini ya kila jani mpaka dawa ikadondoka. Nikanawa mikono mara tatu. Chupa ya soda nikaifungia kwenye sanduku langu. Nikatoka nikijiona mtu makini sana.

Saa saba mchana, mwenzangu wa mashine ya jirani alifungua chakula chake akanigeukia. "Na leo hukuniletea pilipili?"

Mguu wangu uliganda kwenye pedali. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kuhusu dawa. Na siku hiyo Susu alikuwa na wageni, akina mama wa kikundi cha kanisa, na alikuwa ameringa wiki nzima kuhusu kachumbari atakayowapikia, kana kwamba kachumbari hupikwa. Nilimpigia. Simu imezimwa. Nikajaribu tena na tena. Nilimdanganya mwenye duka letu la ushonaji kwamba tumbo linaniuma, nikatafuta bodaboda.

Njiani sikumfikiria Susu peke yake. Nusu ya hofu ilikuwa ya kwangu mwenyewe: nani atajua, nitasema nini polisi. Nilipanga hata kuingia kwa tabasamu, kuligonga bakuli la kachumbari kwa kiwiko, kisha niombe msamaha kwa uzembe. Mzembe husamehewa.

Koridoni niliangalia mikebe kwanza. Karibu vikonyo vyote vya mche mmoja vilikuwa vitupu.

Mlango wa Susu ulikuwa wazi, viatu vimejaa nje. Ndani walikuwa wamesimama, mama mmoja akiombea chakula. Bakuli lilikuwa katikati ya meza, vipande vya kijani vikimetameta kwenye nyanya. Aliwaombea wagonjwa, akawaombea wasafiri, akaiombea serikali. Nilisimama kizingitini nikitamani ombi lisiishe. Bakuli lilikuwa mbali, kiwiko changu kisingelifikia. Wakasema amina, na mkono wa mtu ukashika kijiko.

"Msile!"

Wote waligeuka. "Na huyu ni nani?" mmoja akauliza. "Hata salamu hana?"

"Labda anataka aanze yeye," mwingine akasema, wakacheka.

"Hizo pilipili zina dawa ya wadudu. Mimi ndiye niliyeiweka."

Kicheko kikakatika. Susu aliniangalia. "Uliweka lini?"

"Leo asubuhi."

"Na hukugonga mlango wangu?"

"Nilisahau," nikasema. Ulikuwa uongo. Mtu husahau yule aliyewahi kumfikiria. Asubuhi ile niliyafikiria majani tu.

Susu alilichukua bakuli akaliweka sakafuni, polepole. "Mimi nilionja nikikatakata," alisema. "Moja nzima."

Tulimpeleka zahanati. Wawili walimshika mikono ingawa alitembea vizuri kuliko sisi sote. Daktari akauliza ni dawa gani. Nikatoa chupa ya soda, niliyoichukua sandukuni kabla hatujaondoka.

"Inaitwaje?"

"Sijui."

"Pakiti yake ilikuwaje?"

"Sikuiona. Alinimiminia."

"Mtamalizana nyinyi," akasema, akageuka kummulika Susu machoni kwa tochi. Alitaka akae pale mpaka jioni, na mtu awe akimwangalia kama anatokwa na mate au jasho, au macho yanafifia. Mtu huyo nikawa mimi. Kila alipojifuta mdomo kwa leso nilidhani imeanza.

"Susu, unaona vizuri?"

"Nakuona wewe tu," alisema, "na nimechoka kukuona."

Jioni walimruhusu. Hakuwa amepatwa na lolote, ila njaa. Sikupata nafuu niliyoitegemea. Kesho yake nilichuma kila pilipili iliyobaki, hata zile changa, nikazitupa. Miche sikuweza kuing'oa. Nimerudi kwenye sabuni na jivu, na vidukari wapo, wachache, nawaona kila siku.

Pilipili mpya ziliiva. Susu alipita mbele yazo siku kadhaa bila kugusa. Kisha jioni moja nikasikia: "Mwiitu, njoo ule."

Alinyoosha kidole kwenye mkebe mmoja. Nikachuma moja, nikaitafuna mbichi, machozi yakanitoka. Aliniangalia machoni vile daktari alivyomwangalia yeye. Tangu hapo hachumi kabla sijaonja. Majirani wakipita huuliza kama daktari yuko kazini, naye huwajibu kwamba mgonjwa bado anapumua.

Najua sijaweka dawa. Hata hivyo ulimi ukianza kuwaka, mimi husubiri kitu kingine kije nyuma ya ule moto. Susu akiridhika huchuma zake tatu, huingia ndani, na mimi hubaki koridoni nikisikiliza kama atakohoa.