Kidole Kwenye Gazeti la Farasi

Mume wangu alikuwa hachezi kamari. Nataka hilo lieleweke mwanzo kabisa, kwa sababu hapa Malvern, Johannesburg, wapo watu mpaka leo wanaamini tulikuwa na hela za farasi tumezificha mahali. Tulikuwa Waislamu wa Tanga sote wawili na tulijua mipaka yetu. Lakini kila Ijumaa akitoka kazini alipitia kituo cha mafuta, akanunua gazeti la farasi, akaja nalo kwapani, na baada ya chakula tulilitandaza mezani tukachagua nani atashinda kesho yake. Tulichagua tu. Hatukuweka hata senti.

Mambo haya yalianza alipoajiriwa ulinzi kwenye uwanja wa mbio, kule kusini upande wa Rosettenville. Walimweka kwenye geti ambalo farasi hupitishwa wakitoka mabandani kwenda kuonyeshwa watu kabla ya mbio, na mtu akisimama mahali pamoja miaka yote ile, akili yake lazima ishughulike na kinachopita mbele yake. Akajifunza, kisha akaja kunifundisha mimi. Mwanzoni nilichagua kwa majina. Farasi mwenye jina la kuchekesha ndiye alikuwa wangu, na mwenzangu alinikasirikia kweli kweli, ananiambia bibie, jina halina miguu. Basi nikajifunza kusoma zile tarakimu ndogo zilizo pembeni ya jina, zinazosema farasi amemaliza wa ngapi mara zake za mwisho. Nikajua kutazama uzito aliobebeshwa, na kama umbali ni ule aliouzoea.

Na nikajua lile alilolipenda kuliko yote: farasi wa pwani, aliyeletwa kutoka Durban au Cape Town, mara yake ya kwanza huku juu usimchague. Hewa ya Johannesburg ni nyepesi, na ule uwanja una kipande cha mwisho kinachopanda. Farasi wa pwani hutangulia vizuri, halafu pumzi humwishia watu wakiwa wameshaanza kumshangilia. "Kama sisi tulivyofika," alikuwa akisema kila Ijumaa, na kila Ijumaa alicheka peke yake kana kwamba ndiyo kwanza ameivumbua.

Tulikuwa na sheria zetu. Kila mmoja alitaja farasi wake kwa sauti kabla ya sala ya isha, na ukishataja hubadilishi, hata ukigundua umeropoka. Jumamosi mimi nilikuwa kazini saluni, Jules Street, naye alikuwa getini kwake, na baada ya kila mbio alinitumia ujumbe kunitambia au kunilaani. Aliyepatia wachache ndiye aliyeosha vyombo Jumapili. Mwenzangu aliviosha sana mwanzoni-mwanzoni nilipokuwa nabahatisha, jambo lililomuudhi mno. Nilipojua kusoma gazeti tukawa sawa.

Hatukujaliwa mtoto. Nalisema hili ili ijulikane ile meza ilikuwa na watu wangapi.

Kiharusi kilimkuta asubuhi akijiandaa kwenda kazini. Nilisikia ndoo ikianguka bafuni, nikadhani ni utelezi. Aliporudi kutoka hospitali upande wake wote wa kulia ulikuwa umelala na sauti ilikuwa imekwenda. Kuna binti pale hospitali, kazi yake kuwafundisha watu kusema upya, alimwekea mbele kikombe, kitana na ufunguo akamwambia aonyeshe kitana. Hakuonyesha. Alimwambia tena, na tena. Yule binti akaniambia kwa upole kwamba hawezi kujua ni kiasi gani cha maneno kinaingia. Nilitoka pale nimefura. Mtu mzima na heshima zake, anaulizwa kitana kiko wapi, kwa nini ajibu? Mimi ningekitupa.

Ijumaa ya kwanza nyumbani nilijinunulia gazeti mwenyewe kwa sababu sikujua Ijumaa inafanywaje bila gazeti. Nilimkalisha kwenye kiti, nikamtandazia magotini, nikakaa pembeni yake nikawa namsomea. Nilipitisha kidole juu ya farasi mmoja mmoja: huyu alikuwa wa pili mara mbili, huyu mzito mno, huyu wa pwani achana naye. Tulipofika kwa jike mmoja wa kijivu, mwenzangu alinyanyua mkono wake wa kushoto, polepole, ukitetemeka, akaweka kidole juu ya yule farasi.

Nililia mpaka gazeti likalowa. Kesho yake yule jike alishinda.

Tangu siku hiyo sikuambilika. Alikuwemo mle ndani, mzima, na anachagua. Hakupatia wote, hata alipokuwa mzima hakupatia wote, lakini alipatia wengi. Mwenzangu wa saluni, mama mmoja wa Bukavu anayesuka, alikuja kumtazama akasema: "Eko anasikia yote, mama. Angalia macho yake." Habari zikafika kwa walinzi wenzake wa zamani, wakaanza kuja siku za Ijumaa na juisi, eti kumjulia hali mgonjwa, macho yote kwenye kidole, ili wakaweke mkeka wa kamari. Niliwafukuza. Baadaye nikawaruhusu, kwa sababu walimsalimia kama mtu, na walipotoka walimshukuru yeye, si mimi. Nilizungumza naye usiku na mchana. Nilimweleza vibali vyangu vya ukaazi vimefikia wapi, nani kagombana na nani saluni, na nikimuuliza jambo nilijijibia kwa sauti yake. Nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe, nadhani nilikuwa na furaha.

Kisha akaanguka. Nilikuwa kazini na jirani aliyekuwa akimwangalia alikuwa ametoka kidogo kwenda spaza, kiduka cha mtaani. Tulimkuta sakafuni, paji la uso limepasuka, na hatukujua amelala pale tangu saa ngapi. Kaka yake mkubwa akapanda ndege kutoka Tanga.

Ni mtu wa maneno machache, anauza vipuri vya magari, na alikuja na halua na nguo mpya za mdogo wake. Alikaa naye siku mbili kabla hajasema lililomleta. Kule nyumbani, alisema, kuna watu wa kumgeuza, wa kumwogesha, wa kukaa naye mchana kutwa. Hapa yuko peke yake na mlango uliofungwa. Alitaka kumchukua. Mimi sikuweza kufuatana nao. Karatasi zangu zilikuwa ofisi ya uhamiaji, nikitoka nchini sirudi, na dawa zake zilitegemea kiti changu cha saluni. Kwa hiyo sote tulijua kumchukua maana yake ni nini.

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia mume wangu si gunia, hahamishwi bila kuulizwa, na akili yake ni timamu kuliko za wengi wanaotembea. Angetaka kwenda angenionyesha. Shemeji hakukasirika. Alisema kama ni hivyo, kama mdogo wake anaelewa na anachagua, basi hatamgusa, atabaki na mkewe, na yeye mwenyewe atamtafutia mtu wa kukaa naye mchana. Nikamwambia asubiri Ijumaa, aje akae aone kwa macho yake.

Ijumaa ile nilipika wali wa nazi na samaki wa kupaka kama sikukuu. Nilimvalisha mwenzangu kanzu mpya. Nilikuwa na uhakika wa mtu anayekwenda kupokea zawadi. Tukatandaza gazeti, shemeji akavuta kiti upande wa pili. Nikasoma mbio za kwanza, kidole kikipita, na mwenzangu akanyanyua mkono akachagua farasi mzuri hasa, ambaye hata mimi nilikuwa nimemwona. Mbio za pili hivyo hivyo. Nilimtazama shemeji nikitarajia macho ya mshangao.

Alikuwa anatazama mkono wangu. Akaniomba, kwa adabu sana, mbio za tatu amsomee mdogo wake yeye mwenyewe.

Hajui lolote la farasi, na majina yale ya kizungu yalimsumbua. Alipitisha kidole kuelekea chini kama alivyoniona nikifanya, akakwama kwenye jina moja refu, akasimama kulisoma herufi kwa herufi. Mwenzangu akanyanyua mkono wa kushoto, polepole, ukitetemeka, akaweka kidole hapo hapo.

Nilimtazama yule farasi. Ametoka Durban, mara yake ya kwanza huku juu, amebebeshwa uzito kuliko wote. Mume wangu asingemchagua huyo hata usingizini.

Nilisema amechoka. Nilisema sauti ya kaka yake imemchanganya, hajaizoea. Nikalivuta gazeti upande wangu na sikusoma kitu. Nilipeleka kidole changu chini kabisa ya ukurasa, penye tangazo la matairi, nikakiacha pale. Ule mkono ukanyanyuka. Ulichukua muda kufika, na muda wote huo nilikuwa nikimwomba Mungu usifike. Ukafika. Kidole chake kikakaa kando ya changu, juu ya picha ya tairi, na uso wake ulikuwa umetulia vile vile ulivyokuwa ukitulia Ijumaa zote.

"Shemeji," kaka yake alisema, "anafuata mkono wako."

Basi ndiyo hivyo. Yule jike wa kijivu nilimchagua mimi. Wote niliwachagua mimi. Kidole changu kilipunguza mwendo pale moyo wangu ulipopenda, bila mimi kujua, na mkono wake ukaja pale kilipokuwa. Miezi yote ile nilikuwa mezani na mtu nikizungumza na nafsi yangu, nikajishinda, nikajioshea vyombo. Nilitaka kucheka, maana kumbe nilikuwa mjuzi hodari wa farasi Malvern nzima na sikuambiwa. Badala yake nilianza kukunja gazeti na mikono ilikataa, likawa linatanuka upya kila nikilikunja.

Shemeji alikuwa analia. Nilimshangaa, nilidhani angefurahi kwamba ameshinda. Aliniambia tangu afike alikuwa akimwita mdogo wake jina la utotoni kila anapokuwa naye peke yake, bila kupata hata dalili ya kutambuliwa, na alikuja ile Ijumaa akitumaini kwamba mimi ndiye niliyekuwa sahihi. Hapo nilishindwa hata kumchukia.

Nilimwambia amchukue.

Kiwanja cha ndege tulikwenda asubuhi. Nilimnyoa ndevu, nikampaka mafuta, nikamfunga vifungo vyote mpaka cha shingoni kama alivyopenda. Kwa kuwa alikuwa na kiti cha magurudumu walituletea dada wa kiwanjani wa kumsukuma, msichana wa Soweto mwenye kucha nyekundu na salamu nzuri, akamwita mume wangu baba. Nilipiga magoti mbele ya kile kiti. Nilikuwa nimepanga maneno mengi na yote yalinipotea, nikamwambia tu: "Mwenzangu, unakwenda nyumbani. Mimi nabaki." Alinitazama kwa macho mema, macho yale yale aliyoyasifu yule mama wa Bukavu. Nilisubiri. Watu walitupita na mabegi yao, na mimi bado nilisubiri.

Yule dada aliegemeza mkono wake kwenye egemeo la kando la kiti huku akimwelekeza shemeji njia ya kupita. Mwenzangu akanyanyua mkono wa kushoto, polepole, ukitetemeka, akaweka kidole chake kando ya kidole cha yule msichana, na uso wake ukatulia.

Kitu kilinikatika ndani, na sina namna nyingine ya kulisema. Mpaka dakika ile nilikuwa nimejibakishia kidogo, kwamba haidhuru, hachagui farasi, lakini walau anachagua mkono wangu.

Yule dada alicheka kwa aibu, akaniambia baba ana upendo. Nikamwambia ndivyo alivyo. Kisha nikamwomba kama anaweza asiuondoe mkono wake pale mpaka wafike kwenye ndege.