Mkono wa Kushoto wa Susu

Nyanya yangu mzaa mama, ambaye sote tulimwita Susu kama Wakamba wanavyowaita nyanya zao, alikuwa akifundisha piano nyumbani kwake Mbooni tangu kabla sijazaliwa. Alijifunza kuipiga chuoni alikosomea ualimu. Babu alipomtafutia moja kuukuu kutoka kwa familia iliyokuwa ikihama, wanaume wa kijiji waliipandisha mlimani ikiwa imefungwa kwenye miti, wakipumzika kila kona. Susu aliisimamisha miguu ya piano hiyo ndani ya mikebe ya oili chafu ili mchwa wasiipande. Watoto walifika baada ya shule, wengine wakitoka moja kwa moja kupalilia maharagwe, kwa hiyo mlangoni palikuwa na karai la maji na sabuni. Hakuna aliyekaribia piano kabla Susu hajamkagua kucha.

Babu alifariki watoto wao wakiwa bado wadogo. Susu aliwalea kwa ualimu na kwa shamba, na mama yangu, kifungua mimba wake, husema muthokoi ya mahindi yaliyokobolewa na maharagwe ndiyo iliyowakuza. Hata walipokuwa watu wazima wenye nyumba zao, hakuna aliyeuza ng'ombe au kupeleka posa bila kupanda mlima kumwona kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha alisema neno moja au mawili, na shauri likawa limekwisha.

Siku moja akianika mahindi uani, kiharusi kilimwangusha. Alipona, lakini mkono wa kushoto haukurudi. Mama akaamua ahamie kwetu Kitui mjini, awe karibu na hospitali.

"Nitakuja," Susu alisema, "lakini siiachi piano yangu kwa mchwa."

Wajomba wakaiteremsha kwa pikapu, wakitembea kando yake na kuishikilia kwenye miteremko. Kwetu sebuleni haikuenea mpaka kochi moja lilipotolewa nje. Baada ya usumbufu wote huo, Susu hakuigusa. Aliitandikia kitambaa, akageuza kiti chake kikaelekea dirishani. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo tu nyumbani nikisubiri kwenda chuo, kwa hiyo ndimi niliyemwosha, nikamkanda mkono, nikamsomea gazeti. Alinishukuru kwa kila kitu, kwa sauti ya mgeni, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

Ramadhani ikafika. Jirani yetu, mama wa Kiislamu ambaye mumewe anauza vitambaa sokoni, alimtuma binti yake mdogo atuletee sahani ya mahamri na mbaazi. Msichana aliiweka sahani mezani, akabaki amesimama.

"Shikamoo, Nyanya."

"Marahaba."

"Hiyo piano ni ya nani?"

"Ilikuwa yangu."

"Na sasa ni ya nani?"

Susu aligeuka kutoka dirishani, akamtazama yule mtoto. "Njoo kesho," akamwambia. "Unawe mikono vizuri."

Kesho yake alikuja na mama yake, ambaye alikaa ukingoni mwa kiti kwa aibu. "Nyanya, nisingependa huyu akusumbue. Wewe ni mgonjwa."

"Mwache anisumbue, mwanangu. Nimechoka kutosumbuliwa."

Nikavuta kile kitambaa. Kwa mkono wa kulia Susu alipiga vizuri kama zamani, lakini ilipofika zamu ya kushoto aliacha kupiga, akautazama mkono wake uliolala mapajani. Nilidhani ataomba kurudishwa dirishani. Badala yake akaniita.

"Kaa huku kushoto kwangu. Leo wewe ni mkono wangu."

Alikuwa amenifundisha nikiwa mtoto, likizo za shule huko Mbooni, lakini nilikuwa sijapiga kwa miaka. Vidole vyangu vilikuwa vigumu na nilifuata nyuma yake kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe.

"Tazama," Susu akamwambia yule msichana, "mkono wangu huu ni mvivu, lakini tutaufundisha."

Akacheka. Tangu augue, sikuwa nimemsikia akicheka. Mama yangu alitoka jikoni akiwa bado ameshika mwiko, akasimama mlangoni.

Kuanzia siku hiyo tulifundisha pamoja, yeye kulia, mimi kushoto. Wakaja watoto wengine wa mtaa, na wale wa kanisani kwetu. Nilipojiunga na chuo nilichagua cha hapa hapa mjini ili jioni niwe kando yake. Watu walinihurumia, wakadhani nimejinyima. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikipewa, kila jioni, mafunzo ambayo singepata popote.

Susu alituaga akiwa usingizini, mvua za kwanza zikianza. Tulimzika Mbooni kando ya babu. Majirani zetu walikuja wote, na yule binti, sasa mwanafunzi wa sekondari, alipanda njia ya mlimani yenye utelezi akimshika mama yangu mkono.

Siku hizi ninafundisha peke yangu. Watoto wakishaondoka, mama huja, kanga kiunoni, akaketi. Miaka yote ile hakuwahi kujifunza; akiwa mtoto, anasema, alikuwa akipika ili wengine wafundishwe. Sasa anaweza kupiga wimbo mmoja mzima, polepole. Mimi hukaa karibu naye, nikasikiliza mpaka amalize.